Madam wa Fizikia na Kompyuta Iliyozimika Mchana

Alikuwa akipima kila kitu kwa mgongo wa mkono. Birika la chai la walimu, paji la uso la msichana aliyedai ana malaria siku ya mtihani, boneti ya gari la shule, ukuta wa maabara uliopigwa na jua: vyote viliguswa kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umeshika sindano ya krosheti. Akishagusa alinyamaza kidogo, kana kwamba anangoja kujibiwa. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wenye ukoo wapo, na kwa kuongea hawajambo. Mimi nilimjua kama Madam wa Fizikia, tukafundisha pamoja miaka mingi katika shule ya wasichana iliyokuwa kwenye njia ya kutoka Kakamega mjini kwenda Iguhu. Mimi nilikuwa Madam wa Kiswahili, mwanamke mdogo mwenye mdomo, niliyefika pale nikidhani nimetumwa kuokoa lugha.

Juma langu la kwanza niliingia katika chumba cha walimu nikatangaza kwamba Kidato cha Pili ni wavivu. Hakuinua macho kutoka kwenye uzi wake. "Umepima ama umesikia?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba jambo hilo kila mtu analijua. "Basi umesikia," akasema, na sindano ikaendelea. Nilikasirika sana. Nikawapa wale wasichana jaribio gumu ili nimwonyeshe, na wengi wakapita vizuri kuliko Kidato cha Tatu. Nilirudi nikakaa kwenye kiti changu nikanywa chai. Hakuniuliza kitu, naye alijua vizuri kwamba kutoniuliza kulinichoma zaidi.

"Umepima ama umesikia?" Aliwauliza hivyo wasichana, wapishi, mchungaji aliyekuja kuhubiri Jumapili, hata Mwalimu Mkuu mbele ya wazazi. Kuna watu waliomchukia kwa swali hilo tu. Lakini usidhani alikuwa mtu wa namba katika kila jambo. Nyumbani kwake ingokho, kuku wetu wa kienyeji, ilipikwa kwa chumvi ya kubahatisha, leo haina ladha, kesho unaomba maji. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa zamani, na bado aliivaa kila siku. Na hakuwasha kompyuta kabla ya kufumba macho na kusogeza midomo. Nilimtania: "Madam, fizikia na maombi vinapatana kweli?" Akanijibu, "Mimi najua stima ya hapa Kakamega. Wewe huijui."

Krosheti ndiyo iliyokuwa raha yake. Katika mikutano ya walimu alifuma tangu sala ya kufungua hadi sala ya kufunga. Tulijifunza kumsoma kwa sindano: ikienda mbio, anakubaliana na msemaji, ikipunguza mwendo, ana shaka, ikisimama, msemaji ajiandae. Vitambaa vyake vilikuwa katika nyumba ya kila mwalimu. Watu wa kwetu wanaelewa. Kitu cha heshima hakiachwi uchi. Kochi linavishwa, meza inavishwa, redio inavishwa, televisheni inavishwa hadi miguuni, na mgeni akiingia anajua mara moja kwamba nyumba hii ina mwanamke. Mimi mwenyewe nilioa, samahani, niliolewa na kitambaa chake kikiwa zawadi ya kwanza kufika. Ni cha rangi ya maziwa, bado ninacho.

Kwa hiyo miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho, wafadhili walipotuletea kompyuta kuukuu, lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba Madam wa Fizikia atazifumia nguo. Shule ilitoa stoo ya mahindi ikawa chumba cha kompyuta. Wasichana walifagia, wakapaka chokaa, na panya wakachukua muda kuelewa kwamba chakula kimehama. Kompyuta nyingi zilikuwa dhaifu, haziwezi kufanya kazi zenyewe. Moja tu ilikuwa na nguvu, na Madam aliweka ndani yake Linux, programu ya kuendesha kompyuta, kwa sababu haikuhitaji kununuliwa na kwa sababu ilimwezesha kuzifunga zile dhaifu kwa waya zitumie akili ya ile moja. Ile kubwa wasichana waliiita Mama. Mama akiwa macho, chumba kizima kinafanya kazi. Mama akilala, wote wanalala. Na Mama alipewa kitambaa kilichowazidi wote, cha uzi mzito wa sufu, manjano na kijani, kilichofunika juu, ubavu na mgongo, kikaacha uso tu wa kubonyezea swichi.

Wasichana wa Kidato cha Tatu wakaandikishwa kufanya somo la kompyuta katika mtihani wa mwisho. Walikuwa wa kwanza katika shule yetu. Baadhi yao baba zao walikata miwa, na nyumbani hapakuwa hata na stima.

Kisha Mama akaanza kuzimika mchana. Asubuhi alikuwa mzima. Ikifika saa nane, kabla ya ile mvua yetu ya jioni, mabati yakiwa yamechemka, kioo kinakuwa cheusi na darasa zima linalia kwa sauti moja. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mwalimu Mkuu alisema ni stima. Mhazini alisema ni wasichana, wanabonyeza wasichokijua. Fundi mmoja wa mjini akaichukua Mama akaipeleka dukani kwake, ikashinda huko siku nzima bila kuzimika hata mara moja, akairudisha akiwa amekunja uso.

"Madam, hii mashini haina shida," alisema. "Shida ni hiyo Linux yako. Tuitoe, tuweke ile programu watu wote wanatumianga."

"Huko dukani uliiwasha na Linux ama bila?"

"Na Linux."

"Ikazimika?"

"Hapana."

"Basi Linux umeipimaje?" Fundi akafunga begi lake.

Neno likafika kwa Mwenyekiti wa bodi, mzee aliyelima miwa upande wa Butali na ambaye kwa kweli ndiye aliyetafuta wale wafadhili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja siku Mama amezimika, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama wasichana waliokaa mbele ya vioo vyeusi.

"Madam, hii kitu inalalanga mchana kama mlevi," alisema. "Na mahindi ya shule yananyeshewa huko nje. Mimi nawapa mpaka muhula uishe. Ikikataa, chumba kinarudi kuwa stoo, na hawa watoto tuwaandikishe Kilimo."

Sindano ilikuwa imesimama. "Muhula hautaisha kabla sijajua," Madam akasema.

Alianza na kile alichokuwa nacho. Alichukua kipimajoto cha maabara, akaifungua Mama, akakifunga kwa uzi kando ya prosesa, ile sehemu inayofanya kazi ya kufikiri, akaiwasha. Tukakaa mchana kutwa. Joto likapanda kidogo, likatulia, na Mama hakuzimika. Akarudia kesho yake, hali ikawa ile ile. Akaifunga, akaivisha, wasichana wakaingia, ikazimika. Nilimwona akizunguka ile meza na mikono kiunoni.

"Ikifunguliwa inapona," aliniambia. "Ikifungwa inakufa. Nami sitaki kujua inasikiaje ikiwa wazi. Nataka kujua inasikiaje ikiwa imefungwa."

Ndipo akakumbuka kwamba katika kijitabu kilichokuja na Mama aliwahi kuona maelezo ya vihisi joto. Kumbe ndani yake, kwenye madabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, mlikuwa na vipimajoto vidogo vilivyotengenezwa nayo. Vilikuwa vikipima tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba Linux yake haikujua kama vipo. Ilikuwa kama kukaa nyumba moja na mtu anayepiga kelele na wewe huna masikio.

Jamani, yule mwanamke alivitafuta vile vihisi. Alisikia kwamba kuna watu ng'ambo, wasiolipwa na yeyote, wanaoandika programu ya kuvisomea. Basi Jumamosi akawa anakwenda Kisumu, kwenye duka lililokuwa na intaneti, anaichota programu na kuigawanya katika disketi, anarudi nazo zimefungwa ndani ya kanga. Disketi moja ikikataa kusomeka, kazi yote imeharibika. Jumamosi inayofuata anakwenda tena. Mume wake, mtu mpole, alianza kuniuliza mimi kama huko Kisumu kuna nini. Nikamwambia ni joto. Hakuridhika.

Programu yenyewe ilibidi ijengwe ndani ya Mama, pamoja na kiini kizima cha Linux, na kazi hiyo ni nzito, inachukua saa nyingi. Akiianza mchana, Mama anapata joto na kuzimika katikati, na kila kitu kinaanza upya. Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza, machozi ya hasira tupu. Nikamwambia, "Madam, achana nayo. Kilimo nacho ni somo." Akanitazama mpaka nikajuta kuzaliwa. Kuanzia hapo akawa anafika shuleni alfajiri, wakati wa baridi yetu ile ya ukungu, anaanzisha ujenzi wake kabla ya kengele, na mimi namletea uji. Siku moja nikamkuta amekaa, mikono mapajani, anatabasamu. Imekubali.

Lakini wapi! Vihisi viliposema kwa mara ya kwanza, vilisema upuuzi. Kimoja kilidai Mama ana baridi kuliko barafu. Kingine kilidai amepita maji yanayochemka. Cha tatu kilitoa namba isiyobadilika. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alisema, "Kuna kimoja hapa kinachosema kweli, na sijui ni kipi." Akaifungua Mama, akanipa kazi ya kusoma namba kwa sauti huku yeye akibonyeza kidole hapa, kidole pale, karibu na kila kihisi. Kile cha barafu hakikujali. Waya wake haukufungwa popote, kilikuwa kinabwabwaja tu. Kile cha kuchemka, alipokishikia kidole, kikapanda. "Basi huyu yuko hai," alisema. "Ila anaongeza chumvi." Alfajiri iliyofuata, Mama akiwa baridi baada ya kulala usiku kucha, aliweka kipimajoto cha maabara kando yake, akalinganisha, akatafuta makosa katika hesabu ya programu, akayarekebisha, akalinganisha tena. Alifanya hivyo asubuhi nyingi. Hatimaye kihisi na kipimajoto vikasema neno moja, naye akanishika mabega akanitikisa kama mti wa mapera.

Muhula ulikuwa umebaki siku chache. Mwenyekiti alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba bodi itakutana Ijumaa, na mapipa ya mahindi yalikuwa yameshasogezwa nje ya mlango wetu.

Siku iliyotangulia mkutano tuliketi sisi wawili ndani ya chumba kile, saa nane mchana. Mama amefungwa skrubu zote, amevaa nguo yake, anafanya kazi. Kwenye kioo cha kompyuta jirani namba ya joto ilijiandika upya kila baada ya muda. Arobaini na kitu. Hamsini. Hamsini na kitu. Ilipanda bila haraka na bila kurudi nyuma. Madam alikuwa anafuma, macho kwenye kioo. Alikuwa na hakika kwamba ni feni ya kuipoza Mama imechoka, na alitaka kuwapelekea bodi namba waone wenyewe. Ilipopita sitini alisema, "Mwalimu, ifungue sasa, haraka, tusije tukaipoteza."

Mimi haraka sina. Nilikamata bisibisi, lakini kwanza nilikitoa kile kitambaa, na kwa kuwa ni kazi ya mikono yake na yeye ameketi pale ananitazama, sikukitupa. Nilikikunja. Nilikikunja vizuri, pembe kwa pembe, nikakilaza juu ya kiti. Nikageuka niianze skrubu ya kwanza.

Sindano ilikuwa imesimama.

"Usiguse," alisema.

Nikatazama kioo. Hamsini na kitu. Skrubu zote zilikuwa mahali pake, bisibisi bado iko mkononi mwangu, na namba inashuka.

"Kirudishe," alisema kwa sauti ndogo. Nikakikunjua, nikaivisha Mama kama ilivyokuwa. "Sasa ngoja." Tukangoja. Namba ikasimama, kisha ikaanza kupanda. "Kitoe." Nikakitoa. "Sasa ngoja." Ikashuka. Tulirudia mpaka mvua ikaanza kupiga mabati na hatukuweza kusikilizana tena. Alikuwa amegusa mgongo wa Mama, pale nyuma ambapo hewa ya moto inatoka, kwa ule mkono wake wa kushoto, na hakuutoa. Nilielewa wakati uleule yeye alipoelewa. Kwa fundi Mama alikuwa uchi. Akifunguliwa ili apimwe, alivuliwa kwanza. Kila mara tulipotafuta ugonjwa, tulianza kwa kuuweka kando, tena tukiukunja kwa heshima.

Nilimpa ushauri ambao rafiki yeyote angempa. "Madam, kiweke nyumbani hicho kitambaa. Kesho waambie umeitengeneza. Ni kweli umeitengeneza. Nani atauliza?"

"Nitauliza mimi," alisema.

"Watakucheka. Hata hicho chumba watakunyang'anya."

"Mwalimu, wale watoto nawaambianga wapime. Kisha mimi nikipima, nikipata jibu lina jina langu, nilifiche?" Akachukua kile kitambaa, akakitia ndani ya kikapu pamoja na uzi wake.

Ijumaa niliomba ruhusa nikakaa nyuma ya ukumbi. Alisimama mbele ya bodi nzima, akaeleza kwa maneno machache jinsi alivyovifanya vile vihisi viseme. Kisha akakifungua kitambaa, akakiinua kwa mikono miwili mbele yao, manjano na kijani. "Kilichokuwa kinazima kompyuta ni hiki," alisema. "Si stima, si wasichana, si Linux. Ni hiki. Na nimekifuma mimi."

Mhazini ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na mimi nilitamani kumrushia kiatu. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ametoa macho, anafikiri. Hatimaye akasema polepole, "Madam, hata redio yangu nyumbani inavaanga hivyo." Na kicheko kikakatika, kwa maana kila mtu mle ndani alikuwa na kitu nyumbani kinachovaa hivyo.

Chumba kilibaki. Mahindi yakatafutiwa mahali pengine, na wale wasichana walifanya mtihani wao kwenye kompyuta zisizozimika. Lakini funguo alinyang'anywa, kama nilivyomwonya. Mwalimu Mkuu alieleza kwamba si vizuri aliyeiharibu ndiye aendelee kuilinda, akaajiriwa kijana wa mjini, na Madam akarudi kwenye fizikia yake. Mimi nilivimba kwa hasira mwaka mzima. Yeye alimfundisha yule kijana kusoma vile vihisi, akambandikia ukutani karatasi yenye maneno mawili, MAMA ASIFUNIKWE, na siku chache baadaye akawa anafuma tena mikutanoni. Nilimuuliza kama haimuumi. "Inauma," alisema. Basi. Hakuongeza neno, na mimi nimekuwa nikiongeza kwa niaba yake tangu siku hiyo.

Niliondoka pale nikaenda kufundisha Lugari, yeye akastaafu, tukawa watu wa salamu za kutumiana. Miaka ilipita mingi kabla ya kusikia kwamba hajiwezi. Nilikwenda kumwona mwezi mmoja wa jua kali. Mke wa mwanawe alinipokea kwa furaha, "Mulembe, karibu, kukhu yuko ndani," akaniingiza sebuleni kwa huyo kukhu wao, nyanya wa nyumba. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mdogo kuliko nilivyomwacha, amezungushiwa blanketi, juu ya blanketi shali, na juu ya shali kile kitambaa cha sufu, manjano na kijani, kimefungwa hadi shingoni. Watu wa nyumba ile walimpenda, ilionekana wazi. Hawakutaka akae bila heshima.

Hakunitambua mara moja. Nilipotaja chai ya chumba cha walimu, jicho likawaka. Ulimi ulikuwa mzito. Tulizungumza kidogo kidogo, mimi nikisema zaidi kama kawaida yangu, mpaka nikaona jasho linamtiririka kwenye nywele nyeupe.

"Mama, Madam haoni joto?" nikamuuliza mwenyeji wangu.

"Hapana, Mwalimu. Kukhu anasikianga baridi. Wazee wote wanasikianga baridi."

Madam wa Fizikia aligeuza kichwa taratibu akanitazama. Midomo ikahangaika. Nilisogea karibu ili nisikie.

"Amepima," alisema, "ama amesikia?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikauweka mgongo wa mkono wangu juu ya paji la uso wake, nikanyamaza kidogo kama alivyokuwa akifanya. Lilikuwa linachoma. Nikakifungua kile kitambaa shingoni, nikakitoa, kisha shali, kisha blanketi. Nilianza kukikunja, pembe kwa pembe, na mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka mapajani ukanizuia.

"Sasa ngoja," alisema.

Nikakiacha sakafuni, nikaketi kando yake, tukangoja.